Sahani Isiyo na Maneno

Wiki iliyopita tulikuwa mtaa wa Malindi, kwenye hitima ya Bwana Seif. Nilikuwa nimeshamaliza juzuu yangu, nimenyoosha miguu upande kama tunavyokaa sisi wenye magoti mabovu, nangojea kahawa, mara akaja mjukuu wake mmoja wa kike, katika hawa waliokulia Maskati. Akanibusu mkono, akakaa mbele yangu, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka ukumbini: "Bibi, ni kweli babu alikuposa kwa santuri, nawe umo edani?" Wanawake waliokuwa karibu wakaacha kutafuna. Nikamwambia ale halua yake kwanza. Wakacheka, nami nikacheka kidogo, lakini niliporudi nyumbani sikupata utulivu. Miaka sitini na kitu imepita. Aliyesemwa tumemzika, waliosema tumewazika zamani, na nyumba yenyewe ilikotoka santuri imekuwa hoteli ya wageni, lakini uvumi uko vile vile, una meno yake yote. Basi na tuseme. Bwana Seif hakuniposa kwa santuri, wala kwa barua, wala kwa mjumbe. Alikuwa mtu wa haya, akipita uchochoroni anatazama ndara zake. Ila sahani ya santuri ilikuwapo kweli, na kilichokuwa mizanini mwaka ule si posa yangu. Alikuwa mwanangu Raya, kama nitatoka naye katika nyumba ile au nitatoka peke yangu.

Ya kwetu nayaacha, kila nyumba ina yake. Itoshe kwamba mwaka ule, miaka ya hamsini ikielekea kwisha, nilikuwa mke wa Masoud, nakaa kwa mama yake, mtaa wa Mkunazini, nina mtoto ambaye ndiyo kwanza anaunganisha maneno mawili. Masoud asubuhi alikuwa karani katika ghala la karafuu, na jioni mpiga fidla katika klabu moja ya taarabu. Homa ilipomwanza tulidhani ni ile ya kila msimu. Akanyweshwa mwarobaini, akafunikwa, na kabla hatujapata hata kuogopa akawa ameshafariki. Nakumbuka walipomtoa, wanaume wakileta tahlili chini uchochoroni, sauti zikipungua kuelekea makaburini, na mimi nimeshikwa huku na huku kana kwamba nitaanguka. Sikuanguka. Sikulia pia. Mama yake, Bi Ruzuna, alilia mpaka sauti ikamkauka. Wanawake wa mtaa ambao Masoud hakuwahi hata kuwaamkia walilia. Mimi nilikuwa nikitazama kucha za mkono wangu wa kushoto, zina hina ya wiki ile ile, nafikiri itachukua muda gani kutoka. Umepata kuukalia mguu wako mpaka ukafa ganzi? Unaugusa, unaona kwamba ni mguu, lakini si wako. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, na moyo juu yake. Mjukuu wa dada yangu, muuguzi, aliniambia kwamba siku hizi hali hiyo ina jina hospitali, nami jina lenyewe nikalisahau papo hapo. Wakati ule watu walisema tu kwamba yule hana uchungu.

Eda, ile miezi ya mjane kukaa ndani, niliikalia katika chumba chetu kile kile, ghorofa ya juu, isipokuwa kitanda kiliondolewa nikatandikiwa godoro chini. Palikuwa na shubaka mbili ukutani zenye mabakuli ya kupambia, na sanduku la Masoud, na fidla yake ndani ya mfuko wa kitambaa, imetundikwa msumarini kwa sababu hakuna aliyejua iwekwe wapi. Dirisha moja lilitazama uchochoro, na ng'ambo ya uchochoro lilikuwapo dirisha la Bi Thuwaiba, mama yake Bwana Seif, karibu hivi kwamba Ramadhani tulikuwa tukipeana bakuli la tambi kwa mkono bila ya mtu kushuka ngazi. Sasa langu lilifungwa vibao, maana mwenye eda haonwi na mwanamume asiye maharimu wake. Nilivaa kanzu ya bafta. Wanja hakuna, udi hakuna, asumini hakuna, wala mafuta ya nywele yenye harufu. Aliyenitunza alikuwa somo yangu Bi Mize, yule yule aliyenifunda nilipovunja ungo na aliyenitia nyumbani kwa mume, mwanamke mfupi, mkali, asiyekosa tambuu shavuni. Asubuhi ananiletea uji wa pilipili manga, mchana wali na mchuzi wa papa, halafu anakaa mbele yangu akilitazama kila tonge mpaka lipite kooni. Nilikula. Hilo nalo lilisemwa, ati mfiwa gani huyu anayemaliza bakuli. Sikuwa na njaa wala sikuwa na shibe, nilikula kwa sababu mkono ulijua njia.

Raya waliniambia alale chini kwa bibi yake, ili nipate kupumzika. Nikaitikia naam, kama nilivyoitikia kila kitu mwaka ule. Alikuwa akiletwa juu asubuhi na jioni, ananukia udi wa bibi yake, anakaa mapajani mwangu kidogo, anachezea vifungo vya kanzu, halafu anataka kushuka. Mwanzoni alikuwa akilia akichukuliwa. Baadaye akawa analia akiletwa. Nililiona hilo kwa macho yangu mawili, wallahi, na halikunifikia. Leo nikimwona mama kijana barabarani anamvuta mtoto mkono huku anazungumza na simu, hunijia hamu ya kumsimamisha nimwambie neno, lakini sijui ningemwambia nini. Mimi simu sikuwa nayo, na bado sikuwapo.

Sasa lazima niwaeleze vijana jambo moja, maana bila ya hilo hamtauelewa wazimu wa uchochoro wetu. Siku zile mtu akipiga santuri dirishani hapigi kwa ajili ya masikio yake. Anasema na mtu. Ukigombana na jirani humtukani, sisi watu wa mji hatutukanani. Unangoja atoke kuanika nguo, unafungua dirisha, unaweka sahani yenye beti zinazomfaa, halafu unaendelea kuchambua mchele wako kama vile hujui lolote. Naye atakujibu kesho, kwa sahani yake. Mke wa pili akiingia mtaani alipokewa kwa santuri. Mkwe akitaka kumtia adabu mkaza mwana wake, santuri ilimsemea. Nyuma ya nyumba yetu alikuwako mwanamke mmoja aliyehama kabisa kwa ajili ya wimbo uliokuwa ukipigwa kila alasiri, na aliyeupiga hakuwahi kumwambia hata umeamkaje. Kwa hivyo masikio yetu yalikuwa yameshafunzwa. Sahani ikianza, hakuna aliyeuliza nani anaimba. Watu waliuliza nani anaambiwa.

Na ile sahani ya nyumba ya ng'ambo haikuwa na maneno hata moja. Bwana Seif alikuwa na duka la taa na vyombo vya kioo, zile bilauri za sharubati zenye ukingo wa dhahabu zilizokuwa zikitoka Chekoslovakia, na siku moja walipofungua kasha, katikati ya majani makavu, wakakuta sahani ya santuri, zawadi ya wakala wa huko kwa wateja wake. Maandishi yake yalikuwa na vialama juu ya herufi, kama nzi waliotua, na Bwana Seif aliyesoma Kiarabu na Kiingereza hakuambulia kitu. Akaitwa Masoud, ambaye bado alikuwa mzima wa afya, aje aisikilize kwa kuwa ni mtu wa muziki. Alirudi hawezi kukaa. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni, kofia bado kichwani. Ati zinaanza fidla nyingi, na selo chini yake, zinakwenda taratibu na kwa heshima, ule muziki wa kale wa Kizungu wa watu waliovaa makoti. Halafu inaingia ngoma inayopigwa kwa brashi, chini chini, na besi inayotembea, na tarumbeta iliyozibwa mdomo, na zile fidla hazikimbii, zinafuata. "Wanaingia kama wageni wa harusi," alisema, "halafu wanavua viatu."

Kijana mmoja wa kwetu anayejua mambo ya muziki ameniambia kwamba huo ulikuwa ni muziki wa jazi wa Machek, walikuwa wakipenda kuuchanganya na ule wa mabwana zao wa kale, na kwamba huko kwao wakubwa wa nchi walikuwa wakiutazama kwa jicho baya. Mimi hayo siyajui. Ninachojua ni kwamba klabu ya Masoud nayo ilikuwa na fidla na selo na besi, na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba vinaweza kufanya vile. Akawa jioni anakwenda ng'ambo kusikiliza kipande, anarudi mbio, anakijaribu chumbani kabla hakijamtoka. Palikuwa na mahali pamoja, baada ya tarumbeta kunyamaza, ambapo fidla hupanda juu kama mtu anayekwea ngazi, na pale palimshinda. Anapanda, anapanda, anateleza, anacheka, anaanza tena. Raya naye akajifunza kucheka pale pale baba yake anapoteleza. Homa ilimkuta hajapaweza.

Hitima ya arubaini ilikuwa imeshasomwa ndipo sahani ile ilipoanza kupigwa tena. Kila baada ya sala ya alasiri, Bwana Seif akisharudi kutoka dukani, dirisha la ng'ambo hufunguliwa, tukasikia mkwaruzo wa sindano, halafu fidla. Siku ya kwanza uchochoro mzima ulinyamaza. Chini ya dirisha langu palikuwa na baraza ambapo wanawake walikuwa wakikaa kushona kofia, na kwa vile sauti hupanda kati ya kuta zile kama moshi, niliwasikia kana kwamba wamo chumbani. Kwanza walidhani anaambiwa fundi cherehani Mgoa wa pembeni, kwa kuwa muziki ni wa Kizungu na yeye ndiye aendaye kanisani. Halafu wakasema ni siasa, maana mwaka ule hata mkate wa boflo ulinunua kwa siasa, na watu walikuwa hawazikani kwa ajili ya vyama. Wakalizungusha wee, halikai. Mpaka mmoja wao, sauti yake naijua lakini kheri alale pema, akasema kwamba wimbo usio na maneno ni wa maneno yasiyosemeka.

Hapo wote wakaacha kushona. Maana kila aliyepita chuo cha Kurani anajua kwamba mwanamke aliye edani ni haramu kumposa waziwazi, ila ameruhusiwa mtu kudokeza, tena kwa mbali. Na hapa yuko mjane wa miaka ishirini, dirisha kwa dirisha na kijana ambaye hajaoa. Kwani kuna kudokeza kwa mbali kuliko kumpigia mtu santuri isiyosema kitu? Walilifumbua wenyewe, wakaridhika nalo, na nikasikia mazungumzo yao yakirudi kwenye bei ya uzi.

Bi Mize alipolisikia alipanda juu akihema, akanivuta mkono nihamie pembe ya mbali ya chumba. Alinambia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na kwamba mjane ni kama maziwa, nzi mmoja tu anatosha kumharibu. Nilihamia pembeni, alasiri ikifika nikarudi chini ya dirisha. Sikuwa nafanya jeuri. Nilikuwa nangojea pale pa kupanda. Fidla zinaanza kukwea, nami najua mahali Masoud anapoteleza, kila siku mwili unanikaza kidogo kabla hawajafika, na kila siku hawatelezi. Wanapita tu, kana kwamba mahali pale hapajapata kumshinda mtu. Msije mkasema nilifurahi, na msiseme nilihuzunika. Ila katika siku nzima hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nikikingojea, na nilidhani labda siku moja sindano itaruka pale, wateleze kama yeye, na mimi kitu kitanivunjika ndani nilie kama watu. Sindano haikuruka. Bwana Seif alikuwa mtu wa kutunza vyombo vyake.

Bi Ruzuna hakuwa mwanamke mbaya, nataka hilo lijulikane. Alikuwa amemzika mtoto wake wa pekee, na siku zile alikuwa akisikia maneno ya barazani kwenye kila ngazi anayoshuka. Alasiri moja alipanda kwangu sahani ikiwa inapigwa, akakaa juu ya sanduku la Masoud, mikono magotini, akaiacha mpaka ikaisha upande mmoja. Bi Mize alikuwa nyuma yake, ameshika kikombe changu cha chai.

"Unasikia hiyo?" akaniuliza.

"Naam."

"Unasikia tu, au unasikiliza?"

Bi Mize alinitolea macho. Neno moja dogo lingetosha, na Mungu ni msamehevu. Lakini kusema uongo kunataka nguvu, na mimi sikuwa nayo. Nikasema, "Nnasikiliza."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa jibu alilokwisha kulijua. "Kaburi la mwanangu udongo wake haujashuka," akasema, "nawe umekaa unasikiliza posa." Kisha, bila ya kupandisha sauti, akanipangia maisha yangu. Eda ikisha niende kwetu Chwaka, atakayenioa na anioe huko. Raya ni damu ya Masoud, yeye hana kingine alichoachiwa na Masoud, basi mtoto atabaki pale pale. Yeye hampeleki mjukuu wake kulelewa na baba wa kambo. Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu fidla na kule kupanda na kule kuteleza. Neno lilifika ulimini likakaa. Nikamwona anaondoka, nikasikia ndara zake ngazini, na Bi Mize akaweka kile kikombe chini kwa nguvu mpaka chai ikamwagika.

Somo yangu hakuniuliza. Alijitanda buibui lake akavuka uchochoro, akamweleza Bi Thuwaiba kila kitu. Na hapo ndipo Bi Thuwaiba, ambaye tangu miguu ilipomvimba alikuwa hajashuka kwake hata kwa harusi, akasema atakuja mwenyewe. Alikuja siku ya pili, adhuhuri imeshasaliwa. Bwana Seif na hamali mmoja walimbeba kwenye kiti mpaka mlangoni kwetu wakaondoka, na ngazi zetu akazipanda kwa makalio, kinyumenyume, moja moja, Bi Mize akimshika makwapani. Waliokuwa barazani waliacha sindano zao wakatazama. Alipofika juu alikuwa amelowa jasho, buibui limemvuka kichwani, na hakukubali maji kabla hajasema. Bi Ruzuna alikuwa ameshaitwa. Raya alikuwa amemshika bibi yake mguu.

"Ruzuna," akasema, "santuri ile napiga mimi. Mikono yangu haiwezi tena kuzungusha mpini, ndiyo humngoja mwanangu arudi anizungushie. Alasiri zangu ndefu. Nimevumilia mpaka arubaini ya Masoud, nikasema sasa nitapiga, lakini nipige nini mbele ya nyumba yenye msiba? Sahani zangu zote zinamsema mtu. Hii inamlilia mpenzi, hii inamcheka aliyeachwa. Nikachagua hiyo iliyokuja na vioo, isiyomsema mtu yeyote, kusudi huyu mtoto asije akadhani anaambiwa yeye."

Mimi nilimtazama Bi Thuwaiba, uso wake mpana, viganja vyake vilivyopinda, nikajua kwamba katika mtaa mzima ni yeye tu aliyenifikiria mimi alasiri zile, na wema wake ndio ulionitia motoni. Nilijua hivyo kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumanne. Bi Ruzuna alimshika mkono, akaubusu, akamwomba radhi. Akasema shetani amempitia. Bi Mize, ambaye hakupata kuacha chuma kipoe, akaingilia hapo hapo: basi kama ni hivyo mtoto na aondoke na mama yake, eda ikisha. Na Bi Ruzuna akasema ndiyo. Alilisema. Sote tulilisikia.

Kisha akanigeukia mimi. Nadhani alikuwa anataka kutengeneza alichokivunja, na hakujua njia nyingine. Alifungua mikono yake miwili akasema, "Zuhura, njoo. Mimi na wewe tumefiwa na mtu mmoja, na hatujalia pamoja hata siku moja. Njoo tumlilie mwenzetu, yaishe."

Nikaenda. Alinikumbatia, akalia, kilio kile kinachotoka tumboni, na machozi yake yakapenya bafta mpaka nikahisi uvuguvugu begani. Bi Thuwaiba naye akalia pale alipokaa. Bi Mize alikuja nyuma yangu akanikandamiza mgongo kwa kiganja, akaninong'oneza, "Lia, mwanangu. Lia." Nilijaribu. Nilimfikiria Masoud mlangoni na kofia yake kichwani. Nilifikiria mikono yake. Hakikuja kitu. Nilisimama katika mikono ya yule mama kama nguzo, na mtu akikumbatia nguzo hujua. Kilio chake kikapungua, kikakata. Akajitoa taratibu, akanishika mashavu kwa viganja, akanitazama machoni, jicho la kwanza, la pili, akitafuta. Macho yangu yalikuwa makavu.

"Afadhali ingekuwa posa," akasema. "Ningesema moyo anao, ila umekwenda kwengine."

Akamnyanyua Raya, akamtia kiunoni, akashuka naye. Hakuna aliyemfuata. Bi Thuwaiba alibaki ameshika buibui lake mapajani, anatazama sakafu. Mimi nilikaa godoroni. Kilichokuwa kikinishughulisha, Mungu anisamehe, ni kile kiraka cha maji begani, jinsi kilivyokuwa kikipoa.

Eda iliisha. Nikaogeshwa, nikavishwa kanga mpya, nikatiwa wanja ambao ulionekana usoni kwangu kama wa mtu mwengine. Nikapanda gari la shamba kwenda Chwaka na sanduku langu, bila ya Raya. Bi Mize alinifuata huko baada ya muda akaniambia kwamba sharia iko upande wangu, mtoto wa umri ule ni wa mama, niende kwa kadhi, kaka yangu atafuatana nami, hata shauri lenyewe halitachukua asubuhi nzima. Nikamwambia nitakwenda. Sikumdanganya, nilikuwa nikikusudia hasa. Lakini kila asubuhi nilioga, nikafagia ua, nikapika muhogo, nikala, jua likatua, na kadhi akabaki mjini. Watu wanaonijua leo, wanaoniona ninavyogombana na wauza samaki mpaka wakanipa ninachotaka, hawaamini nikiwaambia kwamba niliwahi kumwacha mtoto wangu kwa sababu tu sikuweza kupanda gari. Nami sijui namna nyingine ya kulieleza. Mwenye ganzi hukaa pale ulipomkalisha.

Ilinitoka asubuhi moja, mwaka unakaribia kugeuka, nasugua sufuria kwa mchanga. Hakuna aliyenambia neno, hakuna wimbo, hakuna chochote. Mkono ulisimama, na nikaanza kulia, na nililia mpaka wifi yangu akaja mbio akidhani nimejikata, nikalia mpaka adhuhuri, Masoud, Masoud, mpaka majirani wakajaa uani wakiuliza nani amekufa. Maumivu yalikuwa makali kama mguu unaporudi damu, na nilishukuru. Kulipopambazuka nikapanda gari kwenda mjini kumchukua mwanangu. Nilikuwa nimenunua kanga ndogo ya kumfunga njiani.

Raya sasa ni bibi wa watu. Ananiletea dawa zangu Ijumaa, anagombana na mimi kuhusu chumvi, ananiita mama mbele za watu, na hatujawahi kukaa tukalizungumza hili. Bi Ruzuna alimlea vizuri, alimsomesha, alimwoza kwa heshima zote, na wakati wake ulipofika, Raya mwenyewe ndiye aliyemfumba macho. Sina kinyongo na maiti. Lakini siku ile nilipofika Mkunazini, nimekwea ngazi haraka mpaka roho inanitoka, niliwakuta ukumbini juu ya mkeka, Bi Ruzuna anachambua mchele, na Raya amekaa baina ya miguu yake katika gauni la maua, nywele zimesukwa, anazungumza maneno mengi ambayo mimi sikumfundisha hata moja. Aliponiona alinyamaza akajificha kwapani mwa bibi yake. Nikamsikia akinong'ona, "Mama, nani huyu?"

Bi Ruzuna alinitazama uso wangu uliovimba kwa kilio, na nadhani alielewa kila kitu, na nadhani alisikitika. Lakini mkono wake tayari ulikuwa umemzunguka mtoto. Alimwambia kwa upole kwamba kumekuja mgeni, na mgeni huamkiwa. Raya, aliyefundishwa adabu, alisimama, akaja mpaka mbele yangu, akaukamata mkono wangu kwa mikono yake miwili, akainama, akasema shikamoo. Nikamjibu marahaba, mwanangu, na hakushtuka, kwa sababu kila mtu mzima humwita mtoto hivyo, kisha akaniacha mkono akarudi mkekani kwa mama yake.